Tambi za Kahindi

Shela, Malindi
Jumapili

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila joto linatuua. Nilitaka nimalize kwanza hesabu za dukani ndipo nikuandikie, lakini hili nimeshindwa kulikalia.

Alhamisi nilimpeleka Mama kula kwa Mtaliano. Si kule kwenye mahoteli ya ufuoni. Ni kimkahawa cha uchochoroni, meza sita na feni moja inayolia. Unamjua Mama. Wataliano anawaona tangu walipoleta mitambo yao ya San Marco kule Ngomeni (marehemu babako hakuchoka kutusimulia Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru iliporushwa kutoka baharini). Vikoi anawauzia kwa lugha yao. Chakula chao hajapata kukitia mdomoni.

Swali lake la kwanza kwa weita likawa la nguruwe. Kijana akamjibu vizuri: tambi za carbonara asiziguse, ukiona mayai na jibini ujue mna na shavu la nguruwe. Achukue spageti za kamba.

Zikaja, harufu ya kitunguu saumu imeenea mpaka nje. Mama akahangaika na uma, akaomba kijiko, akatafuna, akatua.

"Tambi hizi hazijaiva."

"Zimeiva, mama. Wenyewe wanataka uzisikie kwenye jino."

"Meno yenyewe nimebakiwa na matatu!"

Nami nikazidisha balaa, nikaomba jibini ya kunyunyizia. Weita akanitazama kama niliyeomba sukari kwenye pilau. Kumbe kwa Wataliano jibini na vya baharini havikai sahani moja. Akaingia ndani, mara mpishi mwenyewe akatoka. Kahindi! Yule aliyekuwa akikaa nyuma yetu darasa la sita, aliyeunguza ugali wa maskauti. Italia hajafika. Alifundishwa na bibi mmoja wa Kitaliano, ambaye tambi zikilainika alikuwa akiwatupia paka. Siku hizi Kahindi anaongea hata mikono haitulii.

Jibini sikupewa, na haki alikuwa nayo. Nilipoacha kuzingoja ziwe tambi zetu za futari, ndipo nilipousikia utamu wa kamba umeingia ndani ya tambi zenyewe. Anazimalizia kwenye supu ya vichwa vyao. Bei usiniulize. Tiramisu, kitamtamu chao cha baada ya chakula, alitukanya mwenyewe, ina pombe.

Mama hakukubali kushindwa. Ijumaa alfajiri akapika zetu, za sukari na iliki, laini za kumeza bila meno, akazitia kwenye hotpoti nikampelekee. Kahindi alizila amesimama mlangoni mwa jikoni, akakwangua mpaka chini, akaniomba nisimwambie mwenye mkahawa.

Leo siku ya pili, hotpoti haijarudi. Mama ameshaniuliza mara tatu kama wanafungua Jumapili.

Nisalimie watoto na wote wa hapo Maskati.

Shogayo,
Mwanajuma