YAH: MALALAMIKO KUHUSU SKRINI KUU INAYOFUTA AMANA ZA WANACHAMA WETU

Kwa Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa heshima. Ikipungua huko mbele mniwie radhi. Mkataba wa mfumo wa kompyuta mliotuuzia mnao na saa za huduma mlizipanga wenyewe, sina haja ya kuwasomea.

Siku ya malipo ya tumbaku, ukumbi umejaa, mama mmoja kutoka tawi la Kaliua alifika dirishani na kitabu chake cha akiba. Kitabu kina mhuri wetu na sahihi ya karani; kwenye skrini amana ile haipo. Nikawapigia, nikaiweka simu kwenye spika ili mama naye asikie. Kijana wenu wa huduma kwa wateja akajibu: "Meneja, mfumo hauibi. Muulize mhasibu wako hela kaweka wapi." Ukumbi mzima ulisikia.

Mfumo hauibi, sawa. Basi nielezeni hili. Mtandao ukikatika Kaliua, karani anaendelea kuandika kwenye kompyuta ya pale. Ukirudi, skrini kuu ya Urambo inatakiwa ipokee yale mapya. Yenu inashusha nakala yake ya zamani na kufunika kila kilichoandikwa wakati mtandao haupo. Tuliwaambia haya tangu msimu wa mbolea, mkasema tatizo ni intaneti yetu. Intaneti ya Kaliua kukatika si habari mpya, na mlipokuja kutuuzia mlisema mfumo umetengenezwa kwa ajili ya mazingira hayohayo.

Na mikopo je? Kanzidata, yaani hifadhi za taarifa, za hisa, amana na mikopo mmeziunganisha kwa namba ya mwanachama. Makato ya mkopo yanagusa mbili kwa mpigo: ama yakamilike kote, ama yaghairiwe kote. Kwetu fedha inatoka kwenye amana, kisha inakwama kama gari lililozimika katikati ya reli. Kwenye mikopo haifiki, mkulima anaonekana bado anadaiwa, riba inatembea. (Na kitufe cha "Sawazisha Vyote" kukaa ubavuni mwa "Chapisha", aliyekiweka hapo alikuwa anawaza nini?)

Nairudia siku ile kwa sababu inaonekana kwenu ilikuwa simu tu. Mhasibu alikuwa ameketi pembeni yangu anahesabu vocha. Kijana wenu aliposema "hela kaweka wapi", aliweka kalamu chini. Mzee mmoja huko nyuma akasema, "Kumbe!" Nikamwomba kijana afungue kumbukumbu za mfumo aone nani alibadili nini na saa ngapi. Akacheka, akauliza kama Urambo leo kuna umeme, akakata simu. Tangu hapo wanachama wanahesabiwa fedha mara mbili na bado wanapiga picha risiti kwa simu zao. Mhasibu huyo ametufanyia kazi kabla hata ya kompyuta kuingia ofisini.

Nataka amana zirudishwe kutoka kwenye chelezo zenu, yaani nakala za tahadhari, na kumbukumbu zote za mfumo tukabidhiwe. Nataka barua ya kumsafisha mhasibu, na aje kuisoma kijana yuleyule, ukumbi uleule, kwa kipaza sauti. Riba iliyowaangukia wanachama bila haki mtailipa ninyi. Ada ya mwaka huu pia irudi, maana sioni tulilipia nini.

Mnazo siku saba. Zikipita, barua hii itakwenda kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika na Tume ya Ushindani. Itakwenda pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa kuwa sheria ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu ziwe sahihi, na zetu mnaziharibu kila mtandao unaporudi. Wakili ameshasoma mkataba. Malipo ya robo hii nimeyazuia, na msithubutu kutufungia mfumo kabla hatujazitoa humo taarifa zetu zote. Mkifanya hivyo tutakutana mahakamani Tabora, si kwenye simu.

Meneja,
SACCOS ya Wakulima,
Urambo, Tabora.

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mhasibu.