Klipu ya vali si ya kila moyo unaovuja

Mhariri,

Naomba nafasi niongezee kwenye habari zinazosifu ukarabati wa vali za moyo kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa), "bila kupasua kifua". Ni kweli kifua hakipasuliwi. Lakini mwenye mgonjwa nyumbani anataka kujua ni nani hasa anayenufaika.

Vali ya mitrali, ya upande wa kushoto wa moyo, ina ndimi mbili nyembamba zinazofungana kila moyo unapobana. Zisipokutana, damu hurudi nyuma kuelekea mapafuni. Daktari huingiza katheta kwenye vena ya kinenani, hutoboa ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu vya moyo, kisha hushusha klipu na kuzibana ndimi zote mbili pamoja. Haoni kwa macho; anaongozwa na picha za mawimbi ya sauti zinazopigwa kutoka ndani ya umio. Kabla klipu haijaachiwa bado inaweza kufunguliwa na kupangwa upya, na hapo haraka haina baraka hata kidogo. Ulimi ulionaswa kwa ncha tu unaweza kuchomoka, uvujaji ukarudi. Klipu zikizidi, tundu la vali hupungua: wastani wa tofauti ya presha kati ya pande mbili za vali ukizidi milimita 5 za zebaki, mgonjwa ameponywa uvujaji akaachiwa vali finyu.

Mwaka 2018 yalitoka majaribio mawili kuhusu vali zinazovuja kwa sababu msuli wa moyo umetanuka. Katika COAPT, lenye wagonjwa 614 wa Marekani na Kanada, baada ya miaka miwili vifo vilikuwa asilimia 29 kwa waliowekewa klipu juu ya dawa, na 46 kwa wa dawa pekee. MITRA-FR la Ufaransa, lenye wagonjwa 304, halikuona tofauti yoyote baada ya mwaka mmoja. Naona sababu iko wazi: wa COAPT walivuja zaidi huku mioyo yao ikiwa haijatanuka sana, na dawa zao zilipandishwa kwanza hadi kiwango cha juu walichoweza kuvumilia. Msuli uliokwisha kuchoka hauokolewi na klipu.

Kwa vali ya trikuspidi, ile ya upande wa kulia wa moyo, jaribio la TRILUMINATE la 2023 lilionyesha uvujaji kupungua sana na wagonjwa kujisikia nafuu, ila vifo havikupungua ndani ya mwaka.

Basi mwandishi anaporipoti kwamba kazi "imefanikiwa", aulize uvujaji uliobaki ni wa kiwango gani, chanzo chake kilikuwa ndimi au msuli, na kama dawa zilikamilishwa kabla ya klipu.

Msomaji wako