Soda ikizuiwa shuleni, maji yawepo

Mhariri,

Naunga mkono shule kuzuia soda. Chupa ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, yaani vijiko tisa vya chai. Nani angemtilia mtoto vijiko tisa kwenye kikombe cha uji? Barafu za rangi za getini nazo zizuiwe: maji yasipochemshwa, kugandisha hakuui vimelea vya kipindupindu.

Ila katazo bila maji safi humpeleka mtoto kwenye bomba la kumwagilia maua. Darasa la watoto 40 linahitaji angalau ndoo ya lita 20, yenye mfuniko na koki, isuguliwe kwa sabuni kila jioni. Kikombe cha kuchovya kisiruhusiwe kabisa, maana mikono ndiyo huchafua maji yaliyokwisha kuchemshwa.

Mwalimu wa afya,
Morogoro