Shukrani kwa yule mama wa kosta ya Tunduma kuja Mbeya

Jamani kuna mama tulipanda nae kosta kutoka Tunduma kuja Mbeya, jina sikulichukua, alisema zamani alikuwa mtafiti maabara ila siku hizi anawaandikia watoto vitabu vya sayansi. Tulipopita Vwawa mwanangu akauliza kimondo cha Mbozi kilitoka wapi, mi sina jibu, basi yule mama akageuka kutoka siti ya mbele, akachukua biro akamchorea nyuma ya tiketi sayari ndogo zinavyogongana huko angani na vipande vinavyoruka, akamwambia kile sio jiwe kama haya ya barabarani, karibu chote ni chuma na nikeli kidogo, ndo maana sumaku inanasa. Lugha nyepesi kabisa, hata konda alisogea kusikiliza! Akampa na kijitabu chake cha volkano, kina picha ya Mlima Rungwe, hela akakataa katakata. Mama yangu popote ulipo ubarikiwe sana, ndaga fijo (yaani asante sana kwa Kinyakyusa). Dogo kashakimaliza chote, saivi ananisumbua anataka cha Ziwa Ngozi, kama umeandika tuambie kinapatikana wapi tukanunue.