Hamira Yako Imeona Kiu

Göteborg

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Sisi huku Uswidi wazima, baridi tu ndiyo inayotuonea. Ujumbe wako nimeusikiliza wote, pamoja na hiyo kesi unayoishitaki hamira kuwa ni mvivu. Mahamri yako ya kila siku yanafura vizuri, lakini ya oda ya harusi, uliyoyatia sukari mara mbili kwa kuwa wenyewe wameyataka matamu, unga ulilala kwenye beseni mpaka alfajiri. Ukaongeza hamira, wapi! Na swali lako lina haki: sukari si ndiyo chakula chake?

Ndiyo chakula chake. Lakini hebu tupige hesabu. Kilo ya unga, robo kilo ya sukari, nusu lita ya tui. Ile sukari huyeyukia kwenye majimaji ya tui, kwa hivyo hamira yako inaogelea kwenye kitu chenye kama gramu 500 za sukari kwa lita. Juisi ya zabibu wanayotengenezea mvinyo huwa na kama gramu 200, na hata hiyo hamira huiona nzito. Wewe umeitia kwenye shira, shoga.

Shira hunyonya maji. Seli ya hamira imezungukwa na utando mwembamba ambao maji huupita kwa wepesi, sukari haiupiti hivihivi. Vilivyoyeyuka nje vikiwa vingi kuliko vya ndani, maji hutoka, tena kwa sekunde. Haipiti dakika seli imesinyaa, na kwa hadubini unaliona jambo lenyewe likitokea. Ukuaji husimama. Hata nyuzi za protini zinazoipa seli mpangilio wake husambaratika kwa muda.

Na hamira hujiongezea balaa yenyewe. Sukari yetu ya dukani ni sukrosi, na hamira hutoa kimeng'enya kinachoikata kila chembe ya sukrosi nje ya seli ikawa mbili, moja glukosi na moja fruktosi. Kinachovuta maji ni idadi ya chembe, si utamu. Kwa hivyo kadiri inavyojitayarishia chakula, ndivyo inavyozidi kukaukiwa.

Sasa sikiliza namna inavyojiokoa, maana hapa ndipo ninapopenda mimi. Juu ya utando wake pana protini iitwayo Sln1. Mambo yakiwa mazuri, Sln1 haipumziki: inapokezana fosfati, kijipande kidogo cha kemikali, na wenzake wawili, na fosfati hiyo ndiyo inayomfunga mdomo yule wa mwisho, Ssk1. Seli ikisinyaa, Sln1 inaacha kazi. Basi, hiyo ndiyo kengele. Ssk1 akikosa fosfati anaachiwa, anaamsha protini nyingine, nayo inaamsha nyingine, mpaka zamu inafika kwa Hog1, protini inayoongoza uokoaji wenyewe. Wanasayansi waliiondoa jeni ya Sln1 kabisa, na hamira ikafa bila hata kuguswa na chumvi, ambayo nayo hunyonya maji kama shira, kwa sababu kengele ililia moja kwa moja na Hog1 haikupata kutulia. Kwa hivyo kuwa na kengele hakutoshi, lazima pawe na wa kuizima.

Habari za Hog1 zilitangazwa mwaka 1993 na Michael Gustin na wenzake wa Houston, Marekani, na hapa Göteborg Stefan Hohmann na wenzake walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Ndiyo sababu hamira imeniteka tangu nifike huku, ingawa nyumbani wanadhani nimekuja kusomea mikate. Ukiitia hamira kwenye maji yenye gramu 23 hivi za chumvi kwa lita, ukali ambao haujafikia hata ule wa maji ya bahari, Hog1 hukimbilia ndani ya kiini cha seli kwa dakika chache tu. Huko huwasha jeni chungu nzima. Baada ya kama nusu saa, maji yakianza kurudi, nayo hutoka.

Kazi kubwa inayoamriwa ni kutengeneza gliseroli. Ni chembe ndogo, haina chaji, haivurugi vimeng'enya hata ikijazana ndani. Seli huijaza kwa wingi mpaka ndani kulingane na nje, na maji yakarudi. Utando una mlango wa gliseroli uitwao Fps1, ambao siku za kawaida huwa wazi. Mlango huo hufungwa mara moja shida ikianza, haungoji jeni wala amri ya kiini, maana ingekuwa hasara kutengeneza kitu huku kinavuja. Seli za mafigo yetu nazo zina jamaa yake Hog1, iitwayo p38, na kule ndani ya figo kwenye chumvi kali hujilimbikizia vitu vyao vya namna hiyo, sorbitoli mojawapo.

Sasa rudi kwenye beseni lako. Gliseroli hutengenezwa kwa ile ile sukari ambayo ingetoa hewa ya kuuinua unga. Sukari inayopitia njia ya gliseroli haifurishi chochote. Kwa hivyo hamira yako haikulala hata kidogo, ilikuwa kazini usiku kucha, ila kazi yenyewe haikuwa ya mahamri.

Madukani huku huuza hamira mbichi ya vipande vya gramu 50, ya aina mbili: ya mikate ya kawaida na ya unga mtamu. Hiyo ya pili huteuliwa miongoni mwa hamira zinazostahimili sukari nyingi, na aghalabu hukata sukrosi polepole. Ningekutumia, lakini haiwezi safari, itafika imeoza. Waulize wauzaji wa vifaa vya bekari hapo Mombasa kama wana hamira kavu ya unga mtamu, maana ipo. Usipoipata, fanya hivi: changanya hamira na tui vuguvugu na nusu ya unga, bila sukari au kijiko kimoja tu. Ikishatoa mapovu ya kutosha, ndipo ukande na unga uliobaki na sukari yote. Itakuwa imeshaanza kazi na imeshazaana kabla ya shida kuikuta. Bado itachelewa, kwa hivyo usiikande saa nne usiku ukategemea karai la saa kumi.

Chumvi nayo uitie mwisho, kidogo. Gramu moja ya chumvi huvuta maji kama gramu 12 hivi za sukari.

Jaribu kilo moja kwanza, usiniharibie harusi ya watu. Mama akija kwako mwezi ujao mpe zile leso zangu zilizobaki kwa fundi, na umwambie asizifue, zina rangi inayotoka.

Ni mimi shoga yako,
Mwanasiti