Mafundi, njooni na daftari la oda

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na mafundi wa Moshi wanaotaka ujuzi walioupata kazini utambuliwe na VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi. Mikono yao haina shaka. Wanakokwama ni kuthibitisha stadi zinazofaa popote: kupiga hesabu, kuwasiliana, kupanga kazi, kushirikiana. Hizo ndizo zitakazowabeba wakirudi masomoni au wakibadili kazi.

Barua ya mwajiri inayosema "ni mchapakazi, ana nidhamu" haithibitishi kitu. Iandike fundi alifanya nini, lini, kwa muda gani na chini ya nani. Picha ya kabati lililokamilika nayo haionyeshi aliyelitengeneza. Ipigwe pia kazi ikiwa katikati, na tarehe iandikwe.

Ushahidi mzuri mara nyingi uko kwenye daftari la oda, lile lenye vumbi la mbao. Seremala ameandika: meza 6, kila moja mbao 3, jumla 18, ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyopotea, nunua 20. Ukurasa huo mmoja una hesabu na mipango, na bado huachwa karakana! Akieleza kwa nini aliongeza mbao 2, ameonyesha na mawasiliano. Asilinakili upya kwa mwandiko safi, kwani masahihisho ndiyo yanayoonyesha alivyofikiri.

Tunaviomba vikundi vya mafundi vikusanye ushahidi huu kila kazi inapoisha, wasisubiri wiki ya kujaza fomu.

Wakufunzi wa stadi za kazi,
Moshi