Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: magodoro, kimya chetu na jina la chama

Ndugu wanachama, wazee wetu na wageni mliofika,

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka kwa sababu yamo kwenye makabrasha mliyopewa mlangoni. Ada za wanafunzi tunaowasomesha zimelipwa, hesabu zimekaguliwa, na taarifa imekwenda kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali kama Sheria ya mwaka 2002 inavyotaka. Mwenye swali la tarakimu amwone katibu. Mimi nataka kuzungumzia lile ambalo kila mmoja hapa amelisikia sokoni, kwenye daladala au msibani. Magodoro.

Mwishoni mwa mwezi wa nne, masika yamepamba moto, tulinunua magodoro 40 ya bweni la wasichana. Kirikuu ilishindwa kupita, maji yalikuwa yameikata barabara ya shule pale kwenye karavati. Ikaamuliwa kwa simu kwamba mzigo ulale nyumbani kwa mhazini hadi maji yapungue. Hakuna aliyeandika popote. Saa mbili usiku mtu akapiga picha vijana wakiyaingiza sebuleni, na kulipokucha picha ilishazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno haya: "Magodoro ya yatima, wanalalia wakubwa."

Kamati ilikutana siku hiyohiyo ikaamua kunyamaza. Sitamsingizia mtu, mimi ndiye niliyesema kwamba uvumi ukiujibu unaupa miguu. Tulinyamaza siku 11. Siku ya tano magodoro yalifika shuleni, mwalimu mkuu akayapokea, na hata hapo hatukusema neno. Tulijiona wenye busara.

Siku ya 12 akaja ofisini mama anayekaanga samaki pale stendi, mwanachama wetu tangu mwanzo, mchango wake shilingi 2,000 kwa mwezi. Akaiweka kadi yake mezani. Ilikuwa imelowa mafuta, mihuri imeishia mwezi wa tatu. "Mwenyekiti, sikuja kuuliza magodoro," akasema. "Nikikaa kikaangoni wateja wananiuliza mimi, nami sina la kuwajibu. Mngenipa hata neno moja." Nilimkaribisha chai, akakataa.

Jioni ile tukaenda bwenini kuhakiki. Tukahesabu 40 kamili, ila mawili yalikuwa hayana nailoni. Wageni wa mhazini waliyalalia usiku mbili. Kwa hiyo aliyeandika yale maneno alitia chumvi nyingi, lakini chakula chenyewe kilikuwepo. Wajumbe wawili watatu wakashauri tununue mawili mapya kimyakimya, tubadilishe, yaishe. Nakiri ushauri huo niliulala nao usiku mzima, na ulinipendeza.

Nilichokuja kukikumbuka ni mkasa wa Oxfam, shirika la misaada la Uingereza. Mtaona nafananisha kichuguu na Mlima Kilimanjaro, sawa. Mwaka 2011 shirika hilo lilichunguza wafanyakazi wake waliokuwa Haiti baada ya tetemeko la 2010, waliodaiwa kununua ngono wakiwa kwenye kazi ya msaada. Wengine wakafukuzwa, wengine wakaachwa wajiuzulu, na umma haukuelezwa undani wa mambo. Februari 2018 gazeti la The Times la Uingereza likaianika habari yote. Ndani ya siku chache wachangiaji wa kila mwezi wapatao 7,000 wakajitoa, na mwaka 2019 msimamizi wa mashirika ya hisani nchini humo akalitolea onyo rasmi. Walioumia ni pamoja na wafanyakazi ambao Haiti wameiona kwenye ramani tu.

Asubuhi tukaandika tangazo la nusu ukurasa, na lile la magodoro mawili tukaliweka sentensi ya kwanza. Tukalibandika kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na kulituma kwenye magrupu yaleyale. Mhazini amelipa mawili mapya kwa fedha zake na amejiuzulu. Ametutumikia miaka tisa bila senti kupotea, nami bado namwamkia shikamoo, na nawaomba nanyi msimkwepe njiani. Wanachama wanne wamejitoa na hawajarudi. Mama wa samaki alilipa miezi aliyokuwa anadaiwa, akaomba nakala ya tangazo. Ameibandika kwenye kabati lake la vioo, juu ya vibua.

Tangu hapo kila mzigo una hati ya makabidhiano yenye saini mbili, hata ukilala mahali usiku mmoja. Tuhuma ikitokea, katibu atatoa neno ndani ya saa 24, hata kama neno lenyewe ni kwamba tunachunguza. Michango inapokelewa kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la chama peke yake. Mwezi wa nane kuna mtu alitumia nembo yetu kuchangisha kwa namba yake ya simu, na tumeripoti polisi. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, viongozi walitenguliwa uteuzi wao pale Serikali iliposema wamefungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Jina kufanana tu, na mchangiaji hajui tena amempa nani.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyetulalamikia, nami naliona baya kuliko magodoro. Kalenda yetu ya mwaka jana ilikuwa na picha ya mtoto mwenye sare iliyochanika, uso wazi, jina la shule chini yake. Mtoto huyo sasa yuko kidato cha kwanza, na wenzake wanaijua kalenda ile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini kabla ya sheria kulikuwa na kuona haya. Kalenda zilizobaki tumezichoma. Nimekwenda kwao kuomba radhi, na baba yake alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

Ajenda inayofuata ni kumchagua mhazini. Kamati inapendekeza pia wanachama watatu wasio wajumbe wawe wanakagua stoo wakati wowote bila kutoa taarifa, na hilo mtalipigia kura. Daftari la stoo na hati za makabidhiano ziko kwenye meza ile ya dirishani, pembeni ya birika la chai. Fungueni wenyewe.